Jibu la "Hakuna": Anachosomea Hasa Mtu wa Maabara

Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu yakiwa yamejaa bakteria, kazi ya mpimaji huisha upesi. Akiona bakteria zaidi ya kumi katika kila fildi, yaani kile kiduara chenye mwanga kinachoonekana mtu akiinamia hadubini, fildi 20 zinamtosha kuandika alama tatu za kujumlisha na kuhamia slaidi inayofuata. Asipoona kitu, utaratibu haumruhusu kuandika hivyo mpaka amalize fildi 100. Malaria nayo ni hivyo hivyo: kimelea kikishaonekana kwenye tone nene, jibu limepatikana, kusema hakuna ni mpaka fildi 100 ziishe. "Hakuna" ndilo jibu linalokula muda mwingi kuliko yote maabara, na ndilo lisilo na wa kulishukuru. Mgonjwa aliyelipia kipimo huhisi fedha yake imepotea bure, tabibu hulitilia shaka, na mwenye zahanati huona dawa zake zitabaki kabatini.

Mazungumzo ya kusomea maabara hapa Tanzania huanzia kwingine kabisa: ada kiasi gani, miaka mingapi, ajira zipo? Ni maswali ya haki kwa mzazi anayeuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa kikoba ili mtoto asome. Lakini chuo kinaweza kuyajibu yote vizuri na bado kikatoa mhitimu asiyeweza kuandika "hakuna" na kuisimamia. Mimi naamini fani hii ipimwe hapo kwanza, mengine yafuate.

Mlango wa kuingilia ni wa kawaida tu. Kwa stashahada, mwombaji aliyemaliza kidato cha nne anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza inayomweka mbele ya wenzake. Masomo huchukua miaka mitatu, kwa ngazi zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kuanzia ya 4 hadi ya 6. Anayeishia ngazi ya 5 hutoka na astashahada na kufanya kazi chini ya usimamizi wa waliomzidi. Anayetaka shahada ana vyuo vikuu kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Aliyehitimu hashiki sampuli ya mtu kihalali mpaka asajiliwe na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Maabara binafsi zenyewe zina bodi yake, iliyotokana na sheria ya mwaka 1997. Kenya wana bodi yao kwa sheria ya mwaka 1999, na vyuo vyao vya serikali vya mafunzo ya tiba, KMTC, vinadai wastani wa alama ya C kwa stashahada, hivyo mlango wao ni mwembamba kidogo kuliko wetu.

Wapo wanaosema D ya Kemia haitoshi kumkabidhi mtu damu ya watu. Sikubaliani nao sana. Kazi ya mezani maabara hulipa uvumilivu na ukweli kuliko kumbukumbu ya darasani, na wapo waliopata D sekondari kwa sababu shule yao haikuwa na mwalimu wa sayansi. Kinachonisumbua mimi ni Hisabati kuachwa iwe nyongeza tu. Chukua hesabu ya vimelea vya malaria: mpimaji huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200, kisha huzidisha idadi ya vimelea kwa 8,000 na kugawanya kwa 200. Vimelea 50 vinakuwa 2,000 kwa kila maikrolita. Kosea sifuri moja na mgonjwa wa kawaida anageuka mahututi kwenye karatasi, au mahututi anarudishwa nyumbani na vidonge. Kuchanganya rangi, kuzimua seramu, kutengeneza mmumunyo wa asilimia kumi, yote ni hesabu za mtu anayejua sehemu na uwiano bila kuhangaika.

Baada ya mlango huo ndipo kunapoanza kazi yenyewe. Mwanafunzi hupitishwa kwenye parasitolojia, mikrobiolojia, hematolojia, kemia ya kliniki, kinga ya mwili, masuala ya damu salama, histolojia na uendeshaji wa maabara. Kila moja ina vitabu vyake. Lakini fani inakaa vidoleni na machoni, na hapo nitakawia kidogo, maana slaidi ya malaria peke yake inaonyesha karibu kila kitu.

Rangi inayotumika ina jina la Gustav Giemsa, mfamasia Mjerumani aliyefanya kazi huku kwetu, wakati huo Afrika Mashariki ya Wajerumani, kati ya mwaka 1895 na 1898 kabla ya kurudi kwao na kuikamilisha rangi hiyo. Wanafunzi wengi huitaja kila siku bila kujua kwamba mwenye jina aliwahi kuishi huku. Ukiizimua kwa asilimia 10, slaidi inakaa kwenye rangi kama dakika 10. Ukiizimua kwa asilimia 3, inakaa dakika 30 hadi 45. Maji yake yanatakiwa yawe na pH ya 7.2. Yakiwa na asidi zaidi, slaidi inatoka na wekundu mwingi na kimelea hakionekani vizuri. Tone nene haligandishwi kwa methanoli. Chembe nyekundu hupasuka ndani ya rangi, zikabaki chembe nyeupe, chembe sahani na vimelea kama vipo. Tone jembamba lina kazi nyingine: hilo hugandishwa ili chembe nyekundu zibaki nzima na mpimaji atambue kimelea ni cha aina gani.

Sasa mtazame mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiinama. Anazungusha skrubu, mafuta yamegusa lenzi ya 100, na mbele yake kuna vidoti vingi vya zambarau. Vingine ni chembe sahani. Vingine ni punje za rangi ambayo haikuchujwa. Kimelea cha kweli kina vitu viwili pamoja: kidoti chekundu cha kromatini na saitoplazimu ya bluu iliyoshikamana nacho. Kidoti peke yake si malaria. Mwalimu mzuri hutumia saa nzima hapo, na hamruhusu mtu kusema "nimeona" mpaka aonyeshe vyote viwili. Mwalimu aliyechoka, mwenye wanafunzi kumi na hadubini moja, anampa kila mmoja dakika chache achungulie kilichokwisha kutafutwa, kisha wanahama. Mwanafunzi wa huyo wa pili naye ataandikiwa kwamba amefundishwa malaria kwa vitendo.

Kisha unakuja mtihani. Slaidi za mtihani wa vitendo mara nyingi zina kitu, kwa sababu mtungaji anataka kujua kama mwanafunzi anakitambua. Inaeleweka. Lakini baada ya miaka mitatu ya kutafuta kitu ambacho siku zote kipo, kijana anaingia kazini akiwa amezoea kwamba asiyeona ndiye aliyeshindwa. Sijui njia ya haraka zaidi ya kutengeneza mtu atakayeviita vidoti malaria.

Mtaani tabia hiyo ina wateja. "Nimepima, nina malaria tano," mtu humwambia mwenzake, na mwenzake anampa pole kwa sababu yeye wiki iliyopita alikuwa na mbili tu. Namba hizo zilitokana na vimelea ambavyo mpimaji alidai kuviona, lakini zimegeuka kuwa vyeo vya ugonjwa. Mgonjwa akiambiwa hana hata moja, anahamia maabara ya pili, kisha ya tatu, mpaka mmoja ampatie mbili zake aridhike.

Ukubwa wa tatizo umewahi kupimwa. Utafiti uliofanyika Moshi kwa wagonjwa waliolazwa na homa, ukachapishwa mwaka 2013, ulifuatilia watu 870. Matabibu walikuwa wamewaandikia malaria asilimia 60.7 kati yao. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6, yaani wagonjwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, homa ya madoa inayoletwa na kupe, brusela, chikungunya. Moshi ni mahali penye malaria chache, kwa hiyo namba hizo si za Kigoma wala Mtwara. Hata hivyo zinaeleza vizuri nini hutokea pale jibu la "hakuna" linapokosa mtetezi: mgonjwa anatibiwa kisichomuua, na kinachomuua kinaachwa.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kwetu kipimo cha haraka, mRDT, kimeenea mpaka zahanati za vijijini. Tulifundishwa hata kwenye redio kwamba si kila homa ni malaria. Kipimo hicho kilipunguza mzigo, lakini kilihamisha tatizo zaidi ya kulimaliza. Kikisema hakuna, tabibu bado ana mgonjwa mwenye homa mbele yake na hana cha kumwandikia. Hapo ndipo Widal inapoingia.

Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Hutafuta kingamwili dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo, si bakteria wenyewe. Aliyeugua zamani anazo, aliyechanjwa anaweza kuwa nazo, na maambukizi mengine yanaweza kuzichokoza. Kipimo kimoja, kwa tone moja la seramu kwenye kigae, katika nchi ambayo ugonjwa upo, kinathibitisha mambo machache sana. Kinachofaa ni kuotesha damu maabara na kusubiri siku kadhaa. Lakini kuotesha kunahitaji chupa maalumu, kabati la joto na mtu anayejua kazi hiyo, wakati Widal inahitaji kichupa cha kitendanishi na dakika chache. Ndiyo maana mtu hutoka zahanati na karatasi yenye malaria, taifodi na yutiai kwa pamoja, na mfuko wa antibayotiki. Mwanafunzi anayefundishwa kufanya Widal bila kufundishwa udhaifu wake amefundishwa nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari.

Kuna "hakuna" ya aina nyingine, nayo ni kukataa sampuli. Wanaoanza kazi huiogopa zaidi, kwa sababu humgusa muuguzi au daktari aliyeichukua. Damu iliyonyonywa kwa nguvu na sindano nyembamba hupasuka chembe zake, potasiamu iliyomo ndani ya chembe inamwagika, na mashine inasoma kiwango cha kutisha ambacho mgonjwa hana. Damu ya kupima sukari ikiachwa mezani bila kutenganishwa hupoteza sukari kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa sababu chembe zinaendelea kuila. Iliyochukuliwa saa mbili asubuhi na kupimwa saa nane mchana inaweza kumwonyesha mgonjwa wa kisukari kuwa mzima. Ndiyo sababu ya chupa yenye kifuniko cha kijivu, iliyowekwa floraidi. Na damu iliyomiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau kwenda nyingine hubeba EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda: potasiamu inapanda, kalisiamu inashuka, na mtu anaweza kuanza kutibiwa ugonjwa ulioumbwa na chupa. Mambo haya yapo kwenye mtaala. Kisichokuwemo ni jinsi kijana wa miaka 22 anavyomwambia daktari bingwa, kwa heshima na bila kurudi nyuma, "Dokta, hii sampuli siwezi kuipima, naomba nyingine."

Mashine zimefika, na mwanafunzi anayeanza leo husikia kwamba zitamnyang'anya kazi. Kwa sehemu ni kweli. Ni vigumu kuipata hospitali ya mkoa inayohesabu chembe za damu kwa mkono siku hizi. Kwenye kifua kikuu, hadubini huhitaji bakteria kati ya 5,000 na 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili mtu awaone, wakati mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, iliweza kuwanasa wakiwa kama 131, na toleo lake la Ultra kama 16. Anayeng'ang'ania hadubini mbele ya tofauti hiyo anatetea mazoea. Hata panya buku wa shirika la APOPO pale Morogoro, wanaonusa makohozi ambayo vituo vimekwisha kuyaandikia "hakuna", hupata wagonjwa walioachwa. Nataja hilo ili nisieleweke kwamba kila "hakuna" ni tukufu. Ya mtu aliyetazama fildi 15 akachoka haina thamani, na ndiyo maana mpimaji wa makohozi anashauriwa asivuke slaidi 20 hadi 25 kwa siku.

Lakini mashine nayo inahitaji wa kuikatalia. Mgonjwa analetwa hana damu iliyovilia wala hatokwi damu, mashine inatoa chembe sahani 18,000 kwa maikrolita badala ya laki na nusu au zaidi. Aliyefundishwa kubonyeza atachapisha, na wodini wataanza kutafuta damu ya kumwongezea. Aliyefundishwa maabara atachukua tone, atalipaka kwenye kioo, atatia rangi na kutazama mkia wa slaidi. Kwa baadhi ya watu EDTA hufanya chembe sahani zishikane mafungumafungu, na mashine huliona fungu zima kama kitu kimoja au kulidhania chembe nyeupe. Atayaona mafungu hayo, ataomba damu ichukuliwe upya kwenye chupa ya kifuniko cha bluu yenye sitrati, atapima tena, na namba itapanda. Kazi nzima ni kama nusu saa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuondolewa na mashine hata iwe ya bei gani, bali kila mashine mpya humwongezea umuhimu.

Nchi nzima iliwahi kujadili maabara mara moja, Mei 2020, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa, zilirudi na majibu ya korona. Mjadala ulikuwa wa kisiasa na bado una makovu. Kwa mwanafunzi wa maabara kuna jambo la kitaalamu ndani yake. Kupeleka sampuli ambayo mpimaji hajui imetoka wapi si tusi. Maabara zenye ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, hupokea sampuli kama hizo mara kwa mara, na majibu yake hulinganishwa na ya maabara nyingine. Tofauti ni kwamba sampuli hizo huandaliwa kwa kipimo husika, na zikikosewa, kinachofuata ni kutafuta chanzo cha kosa hatua kwa hatua. Kipimo kilichothibitishwa kwa makamasi ya binadamu hakina ahadi yoyote kuhusu utomvu wa papai. Sioni kwamba tulifundishana hilo ipasavyo.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Kagera, Machi 2023, watu walipokufa kwa homa ambayo hospitali hazikuitambua. Maabara ndiyo iliyosema ni Marburg, na tarehe 21 ya mwezi huo taifa likatangaza mlipuko. Wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Kijana anayefikiria fani hii aambiwe wazi: sampuli huja kabla ya jina la ugonjwa. Mtu ambaye hajachanjwa homa ya ini B akijichoma na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni takribani asilimia 0.3. Chanjo ya homa ya ini ni dozi tatu, na mwanafunzi asipelekwe wodini kutoa damu kabla hajaianza.

Kuhusu ajira sina la kufurahisha sana. Serikali huajiri kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine wahitimu hujitolea kwenye vituo kwa posho au bila posho. Wengi huangukia zahanati binafsi, na hapo ndipo mafunzo yanapojaribiwa vibaya. Kijana yuko peke yake zamu nzima, hana mkubwa wa kumwonyesha slaidi, mkataba wake ni wa mdomo, na mapato ya zahanati yanategemea dawa zinazofuata majibu. Haambiwi aandike uongo. Anaulizwa tu, mwisho wa wiki, mbona wagonjwa wako wote hawana kitu, kuna uhakika unaona vizuri? Wiki ya tatu anaanza kuona. Kumlaumu peke yake ni rahisi mno. Kinga yake ni daftari: namba ya sampuli, fildi alizotazama, hali ya rangi, na slaidi zenyewe zilizohifadhiwa kwenye boksi ili mtu mwingine azisome upya. Mwenye zahanati anaweza kubishana na kijana. Kubishana na slaidi 40 zilizohakikiwa na maabara ya wilaya ni shughuli nyingine.

Kwa hiyo mzazi anayekwenda kukagua chuo kabla ya kulipa ada asiishie kuangalia rangi ya majengo wala idadi ya mabasi. Athibitishe kwanza kwamba chuo kina usajili wa NACTVET kwa kozi hiyo hasa, si kwa kozi ya jirani yake. Aulize hadubini zinazofanya kazi leo ni ngapi na darasa lina wanafunzi wangapi. Aulize wanapelekwa hospitali gani kwa mafunzo ya vitendo, kwa wiki ngapi, na kama huko wanakaa mezani na mtu wa kuwaelekeza au wanatumwa tu kuchukua damu na kupeleka majibu wodini. Mwisho aombe kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa tatu na amuulize swali moja: mara ya mwisho kwenye mtihani wa vitendo kuwekewa slaidi isiyo na kitu ilikuwa lini?